Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Kabati

Kwa Mheshimiwa Kabati la Maktaba,
Katika chuo kikuu chochote cha mji wa Bunia

Yahusu: pongezi, pamoja na ombi la ufunguo

Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu, wewe na kufuli yako. Magavana wamekuja na kuondoka, komine zimechorwa, lakini wewe hujatetereka.

Kila mwaka wanafunzi wetu wanashuka kwenye mito ya Nyamukau na Ngezi wakiwa na kamba za kupimia. Wanapima upana wa kanivo, yaani mitaro ya maji, na kina cha makorongo, wanaweka alama ukutani pale maji yalipofika, wanawauliza wamama mvua ilianza saa ngapi. Kazi si ndogo, maana mji umejaa watu waliosukumwa na vita kutoka Djugu na Irumu, mabati yamefunika vilima, na maji ambayo zamani yalinyonywa na udongo sasa yanateremka yote kwa pamoja. Kisha TFC, kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, inavishwa jalada gumu, inatetewa mbele ya majaji, makofi, picha na familia, soda. Baada ya hapo inakabidhiwa kwako, na utafiti umekwisha. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza upya kulipima korongo lile lile, kwa kuwa hajui limekwisha kupimwa. Wenye nia mbaya wanaita hiyo hasara. Mimi naita ajira kwa vijana.

Tofauti kabisa na wale wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara! Wao wameanika hadharani, bure, makadirio ya mvua yetu tangu 1981, yaliyopatikana kwa satelaiti. Ila mraba mmoja wa ramani yao una upande wa kilomita kama 5, na ndani yake kilima na bonde ni kitu kimoja. Kwa hiyo California inajua kwamba mvua imenyesha Bunia. Wewe unajua imeingia nyumba zipi. Anayejua zaidi ndiye aliyenyamaza.

Dar es Salaam nako adabu imepotea. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo walichora nyumba na mifereji ya mitaa inayofurika, wakaweka kila kitu kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambako hata asiye na digrii anaweza kuchungulia.

Nasikia unahofia fujo vipimo vikitangazwa. Lakini wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Wizara ya Afya ilitangaza hesabu za wagonjwa na za waliofariki, eneo la afya moja baada ya jingine. Tulihimili hizo, nadhani tutahimili na upana wa kanivo.

Nakubali kwamba si kila kitu ni cha kuanikwa. Mkoa huu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na orodha ya familia za wakimbizi, pamoja na mahali zinapolala, ifungiwe kufuli mbili. Lakini kanivo haina kabila. Kwa nini ilindwe kama shahidi wa mauaji?

Ombi langu ni hili. Siku ya kutetea TFC, mwanafunzi alete pia jedwali la vipimo, lenye tarehe na alama za GPS, bila majina ya watu. Liwekwe Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN tangu 2013, ambalo halidai hata franka moja na humpa kila mtafiti namba ya kudumu ya kazi yake. Unaogopa wizi wa kielimu? Kazi rahisi kuiba ni ile ambayo hakuna anayejua kuwa ilifanywa.

Kama hayo ni mazito, basi nipe saa moja nipige picha kurasa za vipimo kabla mvua kubwa hazijarudi. Utaratibu naujua: barua tatu, mihuri mitatu, na kitu kidogo cha mwenye ufunguo. Barua ya kwanza ndiyo hii.

Wako mtiifu,
Mkazi wa ukingo wa Nyamukau

Nakala: Meya wa Mji, kwa hatua; Mto Nyamukau, kwa taarifa.