Mzee wa Nyaya

Juzi sokoni nilikuwa nimeinama nachagua sato. Muuzaji akanitazama, akanitazama tena, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, kisha akasema kwa heshima zote: "Shikamoo, Mzee wa Nyaya." Mwenzake akajishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayepandisha suruali. Sato nilimnunua bila kuteta bei, jambo ambalo hapa Geita hufanywa na wageni wa mgodini peke yao.

Nyaya zenyewe ni za Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi. Video aliichukua binti yangu wa kidato cha tatu, akaiweka TikTok tukiwa bado juu ya maji, na kabla hatujafika Misungwi ilikuwa imeshatutangulia Shinyanga. Napenda ieleweke kwamba suruali haikuanguka. Ililegea. Kati ya kulegea na kuanguka kuna umbali, na mtu mzima mwenye familia huishi ndani ya umbali huo.

Wanaoitazama wanaona mzee aliyevua mkanda mbele za watu. Hawaoni alikuwa anaeleza nini, kwa sababu binti alikata maelezo na kuweka muziki. Basi nitaeleza hapa, na hapa hakuna muziki.

Daraja la kawaida hukaa juu ya nguzo zake kwa ubavu wake mwenyewe: ukitaka kuzitenganisha nguzo, unene wa boriti lazima uongezeke, na zege likinenepa sana linakuwa mzigo kwa nafsi yake. Njia ya pili ni ile ya Daraja la Nyerere kule Kigamboni: unasimamisha nguzo ndefu, unateremsha nyaya kutoka juu, nyaya zinaibeba barabara. Sasa ukifika Busisi ukatazama vizuri, utashangaa. Nyaya zipo, ila nguzo zake ni fupi, na nyaya zimelala, hazijasimama. Mtu asiyefikiri atasema mkandarasi aliishiwa vyuma. La hasha! Waya uliolala hauvuti sana kwenda juu, unavuta kwenda pembeni. Kazi yake kubwa ni kulibana zege kuelekea kwenye nguzo, huku na huku, na zege likibanwa halipati nafasi ya kupasuka kwa chini. Kata mche wa sabuni vipande sita, vipange mstari, vibane kwa viganja viwili kutoka ncha zote mbili, uinue. Hakuna kilichoshika kipande cha katikati kwa chini, lakini hakianguki. Legeza viganja uone. Daraja lile ni boriti na ni la nyaya kwa pamoja, kila upande umempunguzia mwenzake kazi, na lote limenyooka kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Niambieni kama hilo si la kumsimamisha mtu.

Mimi lilinisimamisha. Tulikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, upepo wa ziwa unapiga, na vijana wangu wawili wamelipa mgongo daraja ili watokee nalo kwenye picha. Nikaona hapana, hawa watalitumia daraja kama pazia la studio waondoke hawajui limesimamaje. Sabuni sikuwa nayo. Mkanda nilikuwa nao. Nikamwambia kijana wa kidato cha kwanza awe nguzo, nikapitisha mkanda kichwani kwake, kitinda mimba akashika ncha moja. Ncha ya pili nilimpa mama yao, akaitazama kama noti bandia, akageukia ziwani. Ikabidi niishike mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi yake, mnaijua. Somo likaenda vizuri kabisa mpaka nilipofika kwenye pembe ya waya. Pembe haielezeki kwa mdomo, lazima uioneshe kwa mkono, na mkono uliobaki ulikuwa mmoja.

Maoni chini ya video ni mengi. Watu wanabishana kama ile nguo ya ndani ni ya zambarau au ya bluu. Kuhusu nyaya hajabisha hata mmoja.

Wapo pia wanaouliza ni mzazi gani huwapeleka watoto likizo darajani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kwenye kikao kilichofanyika sebuleni kwangu mwishoni mwa Mei, akidi ikiwa imetimia, ajenda ikiwa moja: likizo ya mwezi wa sita twende wapi.

Zamani ajenda hiyo haikuwepo. Mwezi wa sita kwetu Usukumani ulikuwa na kituo kimoja cha utalii, shamba la pamba, na tulikwenda kikundi kizima na magunia yetu. Hakuna aliyeulizwa. Siku hizi mtoto anaulizwa, na akishaulizwa anajibu, na jibu analo tayari kwenye simu.

Binti alisema Zanzibar. Hakusema tu, alionesha: bembea ndani ya maji, wasichana wenye kofia pana, sahani ya matunda inayoelea juu ya bwawa. Kijana akasema treni ya umeme. Nikamkumbusha kwamba treni ya umeme inaishia Dodoma, kwa hiyo kutoka hapa atapanda basi kutwa nzima ili apande treni. Akasema sawa, na wakati wa kurudi vilevile. Kitinda mimba alisema popote, mradi pasiwe na mbuzi, maana mwaka jana kwa bibi yake alikula nao sahani moja bila kupenda. Mama yao akasema yeye anataka mahali ambapo chakula kinapikwa na mtu mwingine. Shemeji yangu, aliyealikwa kama mjumbe asiye na kura, akajitolea kuwapeleka watoto mwaloni kwake waone karasha linavyosaga mawe na dhahabu inavyochomwa. Mama yao akamuuliza zebaki inafaa kuvutwa na watoto wa umri gani. Mjumbe akanywa chai yake.

Mimi nilipendekeza Rubondo. Ni yetu, iko mkoa huu huu, kisiwa kizima ndani ya ziwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, boti unapandia Nkome. Na nilikuwa na silaha: habari ya sokwe. Rubondo hakukuwa na sokwe hata mmoja. Waliopo leo asili yao ni sokwe waliokamatwa wadogo kwenye misitu ya Afrika Magharibi, wakapelekwa kukaa kwenye vizimba vya Ulaya. Kati ya mwaka 1966 na 1969 yule Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, aliyepata jina kwa mambo ya Serengeti, akawakusanya kumi na kadhaa akawaleta kuwaachia kisiwani. Kundi la kwanza lilisafiri kwa meli. Fikiria sokwe aliyezoea kuletewa ndizi saa sita kamili anafunguliwa mlango, mbele yake msitu, hajui tunda lipi linaliwa wala kitanda cha majani kinatandikwaje. Na wakajifunza! Hakuna aliyewafundisha. Wengine mwanzoni walikuwa wakorofi, wamezoea watu kiasi cha kuwa hatari kwa watu, lakini waliobaki wakawa sokwe kweli, wakazaa, na wajukuu wao wapo huko mpaka leo.

Nilimaliza nikiwa nimesimama. Kijana akainua mkono.

"Baba, kwa hiyo sokwe walitolewa Ulaya wakaletwa kuishi Geita?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Nauli walilipiwa?"

"Walilipiwa."

"Sisi nani anatulipia?"

Nikasema hilo lisiwe tatizo, kiingilio cha Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na ni nafuu mno ukilinganisha na dola za mgeni. Kesho yake nikaenda kuulizia boti. Kiingilio ni nafuu, ndiyo, ila hifadhi imezungukwa na maji, na maji hayana daladala. Bei niliyotajiwa ya kukodi boti kwenda na kurudi ilikuwa kubwa kuliko ada ya muhula. Jamaa wa boti alinihurumia, akanishauri nitafute watalii wenye safari yao nijiegeshe nao. Yaani nikasimame ufukweni Nkome na mke na watoto watatu nikisubiri Mjerumani.

Hapo ucheshi uliniishia, na sidhani umenirudia wote. Kisiwa kile kilikuwa na wakazi. Wakahamishwa miaka ile ile ya sitini ili wanyama wapate nafasi, nasi tukaambiwa ni kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo hivi hapa, kimoja kina chunusi na kingine kinabalehe sauti, vimekaa sebuleni vinasubiri boti. Tangu mwaka 2000 mgodi mkubwa unachimba dhahabu kwenye vilima vyetu. Mwaka 2012 tukawa mkoa. Mwaka 2019 tukapata soko la dhahabu, gramu inatajwa kwa bei ya dunia kila asubuhi. Madarasa yamejengwa, zahanati zimejengwa, sitakuwa mwizi wa fadhila. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitano akifunga shule katika mji huu ana pa kwenda patatu: mpirani, kibanda umiza, na kwenye simu. Bwawa la kuogelea lipo hotelini. Nilimpeleka kitinda mimba siku ya kuzaliwa kwake, na soda yake ilipangiwa bei na mtu aliyezoea wateja wanaolipiwa na kampuni. Kisha tunakaa vikao kulalamika kwamba vijana hawapendi kwao. Zanzibar imewaalika watoto wangu kila siku, asubuhi na jioni, kwa picha na muziki. Rubondo haijawahi kuwatumia hata salamu.

Hivyo ndivyo tulivyofika darajani. Lilikuwa njiani kwenda kwa mama yangu Maganzo, kulivuka hakukuhitaji boti, na tangu Rais Samia alipolifungua tarehe 19 Juni 2025 nilikuwa nimelivuka kwa haraka tu bila kushuka. Niliwatangazia kwamba tunafanya utalii wa mzunguko. Kwa wasiojua, zamani hapo ungepanga foleni ya kivuko ukala samaki wa kukaanga, ukalala, ukaamka, ukala mwingine. Kina mama waliokuwa wanauza samaki wale sijui wameenda wapi, kwa sababu gari linalopita kwa dakika chache halisikii njaa. Watoto wangu hawakukikumbuka kivuko. Kwao daraja ni barabara yenye upepo.

Mwanza tulipanda boti kwenda Saanane, dakika chache tu kutoka mjini, tukaona swala na mawe, hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna video.

Misungwi gari lilipata pancha.

Karibu na Maganzo nikafanya jaribio la mwisho. Nikawaonesha uelekeo wa Mwadui, nikawaambia chini ya ardhi ile kuna mwamba wa almasi ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani, uliovumbuliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na kwamba mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya waridi ya karati 54.5. Binti akashusha simu. Kwa mara ya kwanza safari nzima akashusha simu!

"Ya waridi kabisa, baba? Tunaweza kuiona?"

Nikasema haipo. Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa kwenye bruchi.

"Iko wapi sasa?"

"Uingereza."

Akafikiri kidogo. "Almasi ya hapa iko Uingereza. Dhahabu ya kule nyumbani inapanda ndege. Halafu mimi nikisema Zanzibar, nimekuwa sipendi kwetu?"

Nilikuwa naendesha, na dereva hatakiwi kujibu mambo mazito. Mama yao alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha vumbi.

Bibi yao alitupokea mlangoni na mwangaluka zake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa ilikuwa karibu na magharibi, akakaa katikati ya wajukuu, na kabla sijavua viatu akawa ameshaoneshwa video. Aliitazama akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, akaomba irudiwe. Kisha akaoneshwa bembea ndani ya maji na ile sahani ya matunda inayoelea. Hapo hakucheka. Aliuliza maswali ya mtu mwenye nia: maji ni ya chumvi kweli, wali wao wanaupika na nazi, mzee anaruhusiwa kuingia na kanga. Nikaingilia kati, nikamwambia mama, watoto hawa nimewaleta wakusaidie kuvuna pamba, wajue tulikotoka.

"Pamba nimeivuna tangu sijaolewa," akasema. "Nani kakwambia nataka kuiangalia mpaka kwenye likizo?"

Wakafungua kikao pale pale, mimi nikiwa nje namwaga maji kwenye rejeta. Niliporudi, kura zilikuwa zimeshapigwa. Safari ni Desemba, Zanzibar, na treni ya umeme imeingizwa katikati ili kijana asigome. Kitinda mimba alikuwa na hoja moja tu, kuhusu mbuzi, nayo ilishughulikiwa haraka kuliko nilivyotarajia: bibi ameteuliwa mweka hazina, na asubuhi ile tunaondoka alikuwa ameshauza wawili.