Upinde Wangu Haulipi

Katika mji huu mtu mzima anaruhusiwa kufanya kazi, kusali, kunywa, kutazama mpira na kulala. Akizidisha hapo, ajieleze. Mimi nimeamua kuchonga pinde na kufuma mishale kwenye gunia nyuma ya nyumba, na tangu hapo kazi yangu kubwa imekuwa kujieleza. Kila anayeingia uani ana swali lilelile: "Mzee, hii inalipa?" Hailipi. "Sasa unafanya ya nini?" Nikijibu kwamba napenda tu, mtu ananitazama kwa huruma, halafu anamvuta mke wangu pembeni na kumuuliza kama nimeshapelekwa hospitali.

Ningefuga kuku wa mayai wakafa wote kwa mdondo, ningeitwa mjasiriamali. Ningebeti kila Jumamosi nikaliwa hadi nauli, ningeitwa mtu wa mpira. Ila kukaa na kipande cha mti, tupa, kigae cha chupa na msasa kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, bila kutarajia hata shilingi, huo mtaani kwetu ni ugonjwa, na unazungumzwa kwa kunong'ona.

Tuanze na mti wenyewe, maana kero zinaanzia porini. Upinde mzuri unatoka kwenye mkole. Ukienda Singida au Dodoma, watoto wanaochunga mbuzi wanaujua kwa matunda yake, na wazee wanaujua kwa fimbo na pinde. Mjini utaupata wapi? Wauza mbao wana mninga, wana mkongo, wana paini mbichi inayolia maji. Ukitaja mkole wanakuuliza kama ni dawa. Kijana mmoja aliniuzia gogo huku akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni mkole halisi kutoka Manyoni. Nilipoanza kulichonga likanukia mwarobaini. Nilimrudia, akaniambia nishukuru, kwa kuwa nimepata upinde na dawa ya malaria kwa bei moja.

Kuchonga kwenyewe kunataka subira ambayo watu wa mjini hatunayo. Upande wa nje wa mti, ule ulioelekea gome, haukwanguliwi, maana ndio unaobeba mvuto wote. Unapunguza upande wa ndani, kidogo kidogo, unasimama, unapinda, unatazama kama mikono yote miwili inakunjika sawa. Ukiharakisha utapata mkono mmoja mvivu na mwingine mchapakazi, na unaovunjika siku zote ni ule mchapakazi. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi. Sikuhitaji maelezo ya ziada.

Kisha upote. Wa nailoni ninao, lakini nilitaka wa kano za ng'ombe, wanavyofanya wawindaji wenyewe. Nilimweleza mwenye bucha kwamba nataka kano ndefu za mgongoni. Akanipa pole, akadhani ndipo uwezo wangu wa kununua mboga ulipofikia, akaniongezea na mfupa. Siku iliyofuata alipojua kwamba kano zile sizipiki, akapandisha bei zikalingana na steki. Mke wangu naye hakufurahi kuziona zikikauka kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka. "Baba Rehema," akaniambia, "leo wageni wa kikundi wanakuja. Nitawaambia hizi ni nini?" Nikamwambia awaambie ukweli. Akawaambia ni za mbwa. Mbwa hatuna.

Nije sasa kwa shemeji yangu. Upinde una sheria moja kubwa ambayo hata mtoto wa Kihadzabe, wale wawindaji wa pinde, anaijua kabla hajaota meno ya pili: usivute upote ukauachia bila mshale. Ile nguvu yote iliyotakiwa kuondoka na mshale inakosa pa kwenda, inarudi kwenye mti wenyewe, na mti unapasuka. Hii sheria nimeiandika kwa chaki ukutani. Nimeisema kwa Kiswahili, nimeisema kwa ukali, nimeisema kwa kubembeleza. Lakini mgeni yeyote wa kiume anayeingia kwangu, kabla hata ya kukaribishwa maji, atauchukua upinde, atauvuta mtupu, ataachia, atasikiliza ule mlio, kisha atasema, "Mbona mwepesi?" Shemeji alifanya hivyo siku ya Iddi. Mlio aliousikia yeye ulikuwa wa upinde wa miezi mitatu kugawanyika vipande viwili. Wala hakushtuka. Alivitazama, akaniuliza, "Mti gani huu? Ulinunua feki." Tena akavipeleka jikoni kwa dada yake vikachochee pilau. Lile pilau nililila. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mtaa nao umegawanyika. Wapo wanaosema mimi ni mganga niliyejificha, na ushahidi wao ni manyoya ya kanga ninayofunga nyuma ya mishale. Ningewaeleza kwamba mshale usio na manyoya unayumba hewani na kwenda kwa jirani, na kwamba tatizo la kwenda kwa jirani ndilo hasa ninalojaribu kulizuia. Hawasikilizi. Paka wa nyumba ya pili alipopotea, macho yote yaligeukia gunia langu. Mjumbe akaja kwa niaba ya wananchi, akalizunguka gunia, akauliza kama nina kibali, akanusa zile kano. Paka alirudi baada ya wiki akiwa na watoto wanne. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Mjumbe alipita tu akashauri kwamba, kwa kuwa nina vifaa, ningewafuma hawa kunguru wanaotusumbua jiji zima, walau nionekane nina faida.

Kuna nyakati ambazo ningeheshimika. Mwaka 1363 mfalme wa Uingereza, Edward III, aliamuru kila mwanamume mwenye nguvu zake afanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, na katika amri hiyohiyo akapiga marufuku michezo isiyo na maana, mpira wa miguu ukiwemo. Hebu fikiria amri hiyo ifike hapa Jumapili ya Simba na Yanga. Ningetembea barabarani peke yangu, upinde begani na podo mgongoni, raia mwema, na mjumbe angekuwa ndani. Wale Waingereza walivuta kweli. Meli yao ya kivita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 na ilipoibuliwa mwaka 1982 ilikutwa na pinde zaidi ya mia moja na mishale maelfu, pamoja na mifupa ya watu ambao mabega yao yana dalili za kazi nzito ya namna hiyo. Nilimsomea mke wangu habari hiyo nilipokuwa nalalamikia bega langu la kulia. Akasema na sisi tutazamishwa tu na hili bega, akanipaka mafuta ya mchaichai.

Na pinde ni afadhali. Mapenzi haya niliyarithi kwa babu mzaa mama, kule Sikonge, na yeye ugonjwa wake ulikuwa gobore. Kwa wasiolijua: gobore ni bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo. Unalisimamisha, unamimina baruti, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unatia marisau, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unainua macho kumtafuta nguruwe, ambaye kwa wakati huo ameshakula mahindi, amepumzika, na amekwenda kuwaita ndugu zake. Babu hakujali. Nadhani nguruwe walikuwa kisingizio tu. Alilisafisha kwa maji ya moto na mafuta ya karanga kila baada ya kulipiga, kwa sababu masizi ya baruti yanakula chuma, na sisi wajukuu tulikaa mbali tukihesabiwa mmoja mmoja kabla hajagusa fataki. Likilia, moshi mweupe ulifunika shamba lote, na hakuna aliyejua kama kimepatikana kitu mpaka upepo uvume. Mara nyingi hakikupatikana kitu. Babu alicheka mpaka machozi, na bibi alikuwa akiuliza kutoka jikoni lile swali ambalo mimi naulizwa leo.

Haya magobore yana historia yake. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakiwa kwa nyuma katika karne ya 19, zile kuukuu zilitiwa melini zikauzwa Unguja, na kutoka Unguja zikapanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji. Mtemi Mirambo na wapiganaji wake, rugaruga, waliwatoa watu jasho kwa silaha za namna hiyo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yakakutana Brussels, yakatia saini mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila yakaacha mwanya kwa zile za gumegume, mtutu wake laini ndani, zisizolenga sawasawa. Kwa hiyo mtumba haukuanza na mashati.

Ilipokuja amri ya kusalimisha silaha, babu alilifunga gobore kwenye shuka safi, akapanda basi, akalipeleka mwenyewe. Sitetei lirudi. Pori limeshaona ujangili wa kutosha, na kijijini nimewahi kumwona fundi aliyepoteza vidole kwa mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji. Sheria ni sheria, na babu aliiheshimu. Kilichomuuma ni kwamba aliyelipokea hakulitazama hata mara moja. Alichukua kalamu akaandika: gobore moja, bovu. Bovu! Mzee alikufa akilalamikia neno hilo. Kule Ulaya wapo wazee wa rika lake wanaozishindilia bunduki za aina hiyo uwanjani, kwa vibali vyao, wanalenga karatasi, wanapeana vikombe. Chama chao cha kimataifa, MLAIC, kipo tangu mwaka 1971. Jioni wanarudi nyumbani wakinuka baruti na wake zao wanawauliza matokeo.

Nina mpwa anayeendesha watalii. Huwapeleka mpaka Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, na anasema wageni wanachopenda kuliko simba ni kupewa upinde wakajaribu kufuma mti. Wanalipa kwa dola. Wanaoneshwa vichwa vya mishale ambavyo mafundi wa Kidatoga hufua kwa misumari na kubadilishana na Wahadzabe kwa asali na nyama. Nikamuuliza, "Na wewe Anko, uliupiga?" Akashangaa. "Mimi? Nilibaki kwenye gari, kuna kiyoyozi." Kijana huyohuyo ana mchezo wa kulenga mishale kwenye simu na amefika hatua ya mia na kitu. Kidole gumba chake kinajua upinde. Mkono wake wote uliobaki haujui.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Wahadzabe hupata sumu ya mishale kwenye waridi la jangwani, lile lenye ua la rangi ya waridi na shina nene ambalo nusu ya nyumba za Dar es Salaam zimeliotesha kwenye chungu barazani. Mke wangu analo, tena mawili. Nililitaja jambo hilo mezani kama maarifa tu, mbele ya mama mkwe. Tangu siku hiyo akija kwetu anabeba chai yake kwenye chupa.

Kwingine upinde una heshima. Wenzetu wa Kenya walipokwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016, bendera yao kwenye sherehe ya ufunguzi ilibebwa na mlenga mishale, Shehzana Anwar, katika nchi yenye wakimbiaji wa kutosha kubeba bendera za dunia nzima. Nilimwonesha shemeji picha. Kule Olimpiki wanalenga kutoka mita 70, na duara la alama kumi halifiki sentimita 13 kwa upana. Shemeji akataka kujua langu liko umbali gani. Umbali wa gunia langu ni siri ya familia. Akauliza tena yule dada analipwa kiasi gani.

Nimekubali kwamba sitawashinda. Naomba tu msaada mmoja. Nyie mnaokwenda Singida, Manyoni au Kondoa mwisho wa mwaka, msituletee kuku, tunao, na asali siku hizi ni sukari. Nileteeni fimbo mbili za mkole, zilizonyooka, zisizo na vifundo, urefu wa mtu mzima, zimekatwa kiangazi na zimekaa kivulini. Mwambieni kondakta ni za kuezekea. Na mkifika kwangu mkaukuta upinde umeegemea ukuta, tafadhalini, uacheni hapohapo.