Mume Aliyepimiwa Damu Kliniki ya Mkewe

Mh! Wanaume tuna vipaji jamani. Juzi hapa kijiweni Katesh, mzee mzima, koti la baridi mpaka magotini, chai inafuka mkononi, anajitapa: "Mimi niko salama. Mama watoto kapima UKIMWI kliniki ya wajawazito, hana kitu." Lo! Siku hizi damu nayo inachukuliwa kwa niaba, kama mbolea ya ruzuku?

Ngoja sasa majibu ya mama yawe mengine. Hapo damu si ya nyumba moja tena. "Kauleta yeye, arudi kwao!" Aliyetangulia kujua ndiye mleta. Bwana aliyelala mnadani siku tatu, na ng'ombe hakuuza, yeye kaleta vumbi tu.

Wala hatukuanza leo. Wagonjwa wa kwanza walipoonekana Kagera mwaka 1983, watu waliubatiza ugonjwa Juliana, jina la nguo za biashara ya mpakani. Juliana! Juma hakuonekana? Julai 2007 Rais Kikwete alikwenda kupima hadharani na mkewe, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Rais kakunja shati, wewe mwenyekiti wa benchi unaogopa sindano. Haya.

Dawa zenyewe ni za bure, na wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku. Lakini mama anavimimina vidonge kwenye pindo la khanga, maana kopo likitikisika linalia kayamba, na wifi ana masikio. Sheria ya 2008 imekataza unyanyapaa, wifi hajaisoma. Ukimweleza kwamba anayemeza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani, anasonya, kisha anaficha kikombe. Kikombe, jamani!

Mwenye nauli anakimbilia mbali. Mama yeye nauli aiombe kwa mume. Aseme anakwenda wapi? Basi bwana mmoja wa hapa akadamka kufuata dozi Haydom, asionekane. Foleni ile, aliyemtangulia nani? Jirani yake, ukuta kwa ukuta!

"Nimekuja kuona mgonjwa."

"Hata mimi."

Jioni wakarudi gari moja, kila mtu kakumbatia koti lake, wanazungumzia bei ya vitunguu. Na barabara ile mnaijua. Kila shimo, kopo la huyu linalia, la yule linaitikia.