Ganda Lililokataa Chemba

Fedheha niliyoipata Jumamosi iliyopita katika uwanja wa shabaha, hapa Wisconsin, bado inaniwasha usoni, kwani haikuwa fedheha ya faragha ambayo mtu huimeza na chai akanyamaza, bali ya hadharani, mbele ya wawindaji waliojipanga mabenchini kuzijaribu bunduki zao kabla ya zile siku 9 za Novemba ambazo watu wa jimbo hili huzitukuza kuliko sikukuu nyingi. Risasi yangu ya kwanza, niliyoijaza kwa mikono yangu mwenyewe, iliingia katika chemba ya bunduki yangu ya .30-06 ikakaribia mwisho, kisha ikagoma. Nikalisukuma komeo kwa kiganja, likashuka nusu, na hapo likakataa kushuka wala kupanda. Bunduki yenye risasi ndani na komeo lisilofunguka haifanyiwi mzaha popote. Msimamizi akapaza sauti, milio ikakoma, kila mtu akaitoa risasi bundukini mwake, akaiweka mezani, akarudi nyuma ya mstari wa manjano, wakasimama wote wakinitazama mimi. Mzee mmoja mwenye kofia ya rangi ya machungwa akaja na nyundo ya mpira, akahakikisha mtutu umeelekea kwenye tuta, akaligonga komeo taratibu hata risasi ikachomoka, akaigeuzageuza mwangani, akaniuliza kwa upole uliozidi matusi: "Hii umeitengeneza mwenyewe?"

Ama lililonikera zaidi ni kwamba ganda la risasi ile halikuwa geni katika chemba ile. Lilikwisha pigwa humo msimu uliopita, likaingia na kutoka bila ya taabu. Baruti iwakapo, kani ndani ya ganda la namna hii huweza kufikia kiasi cha mara 4,000 ya kani ya hewa ituzungukayo, na shaba yake, ambayo aghalabu ni sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, hutanuka ikaambatana na kuta za chemba, ikazuia gesi isimrudie mpigaji usoni. Kisha kani ikishuka, hunywea kidogo tu, kadiri ya kuruhusu ganda litolewe. Mwenye kutaka kulitumia tena hulipaka mafuta, akalisukuma kwa mashine ya shinikizo ndani ya kalibu ya chuma kigumu, lirudi umbo lake la awali.

Hapo ndipo penye kioja, nami nakiri kwamba hata katika ghadhabu yangu nilikistaajabia. Kalibu huanza kulibana ganda ubavuni kabla ya kuligusa bega, yaani pale linapoanza kusinyaa kuelekea mdomoni, na shaba iliyobanwa haipotei: kama donge la unga wa chapati libanwalo kiganjani, hutafuta penye nafasi, na nafasi iko juu tu, basi bega husonga mbele. Kalibu ikizidi kushuka hulikuta bega na kulirudisha. Ikiishia njiani, ganda hutoka jembamba kuliko lilivyoingia, na bega lake likiwa mbele zaidi, hata lile lililokuwa likiingia chembani kwa hiari yake sasa haliingii ila kwa kusukumwa. Bega latakiwa lirudishwe nyuma kiasi cha milimita 0.05, na kwa kuwa kalibu hizi aghalabu zina hesi 14 katika kila inchi, yaani mzunguko mmoja huishusha milimita 1.8, masafa baina ya heshima na aibu ni sehemu 1 ya 36 ya mzunguko.

Sasa tukitazame kijikaratasi kilichokuja na kalibu. Kinaamuru kwa sentensi moja: iteremshe mpaka iguse kishikizi cha ganda, kisha kaza nati. Nikatii. Hakikunena kwamba kugusana huko ni kwa shinikizo lililo tupu, na kwamba ganda likiingia, fremu ya mashine hunyumbuka, mwanya ukapatikana, bega likasalimika. Kipimo cha kupimia bega huuzwa mbali, rafu ya pili, kwa bei yake. Nilipomuuliza muuzaji kwa nini hayo hayakuandikwa, akanijibu kwamba kila mtu anayajua. Hapa ucheshi unaniishia. Huyo kila mtu ni yule aliyefundishwa na baba yake katika gereji tangu utotoni. Asiyekuwa na baba wala gereji hulipa fedha ileile, huweka uso wake nyuma ya komeo lilelile, lakini hana wa kumuuliza ila karatasi, nayo ni bubu.

Nyumbani nilipaka ganda tupu wino mweusi, nikalifungia chembani, nikalitoa. Lingekwaruzika karibu na kitako, ningejua kalibu haikubana chini. Mdomoni, ningejua ganda limepita urefu wake wa mwisho, milimita 63.35. Palipokwaruzika ni begani: pete nyembamba ya shaba iking'aa katikati ya weusi, pana upande mmoja kuliko wa pili.

Yaliyofuata hayana uzito huo. Ganda moja lilikosa mafuta likakwama kalibuni; jingine likayazidisha, likatoka na kibonyeo. Mke wangu akaniuliza, "Bwana, kwani risasi za dukani zimekwisha?"

Nawe msomaji uliye na shinikizo lako, kabla ya kutia fataki na baruti, lijaribu ganda tupu katika bunduki utakayolipigia. Komeo likiwa zito, iteremshe kalibu kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, mpaka lifunge bila ya kulazimishwa, kisha koma hapo, usizidishe, kwani ganda lililofupishwa mno hupasuka karibu na kitako. Na nyinyi wenye viwanda, ongezeni sentensi mbili tu. Upande wa pili wa karatasi ile ni mtupu.