Sultani wa Mkia Uliochanika

Mwenzangu, siku mkeo akisimama mbele ya tundu la kuku akasema, "Rangi hii itaendana na mapazia ya sebuleni," jua fedha yako imeshatoka mfukoni, inasubiri tu kuhesabiwa.

Mama Nasra aliyasema hayo kwenye maonyesho ya kuku huku Kent, Uingereza, tunakoishi. Mimi nilifuata chai na keki. Yeye akawaona Orpington wa lavenda: kuku wanene, wapole, rangi yao si kijivu kamili wala si zambarau. Kuniuliza kama tuwanunue hakuniuliza. Aliuliza kama buti la gari lina nafasi ya vifaranga.

Hawa kuku ni wenyeji wa huku huku. Orpington ni mji, na William Cook, aliyekuwa mwendesha magari ya farasi, ndiye aliyewatoa wa kwanza mwaka 1886 kwa kuchanganya Minorca, Langshan na Plymouth Rock. Wake walikuwa weusi tititi. Inasemekana aliutaka weusi ili masizi ya London yasionekane kwenye manyoya. Mzee yule alikuwa na akili zake. Nadhani mkewe hakuwa na mapazia.

Nyumbani wakapokewa na shemeji yangu, ambaye tunamwita Injinia kwa sababu hana cheti cha uinjinia. Aliwajengea banda zuri, silikatai, ila mbao zilitoka kwenye kabati la nguo zangu. Akanikumbusha pia kwamba tangu Oktoba 2024 sheria ya hapa inamtaka mwenye hata kuku mmoja ajiandikishe serikalini. Kwenye fomu likaandikwa jina langu. Kwa hiyo serikali inanijua kuwa ni mfugaji, ingawa kuku wenyewe wakiniona wananikimbia.

Jogoo tukamwita Sultani. Alipokuwa kifaranga hakuwa na neno. Manyoya ya ukubwani yalipoanza kutoka ndipo balaa lilipojitokeza: mkia wake ulikuwa ufagio wa chelewa uliofagia uwanja wa shule tangu shule ijengwe. Vijiti vitupu, nyuzi zimechanika, ncha za mbawa nazo vivyo hivyo. Matetea walikuwa na nafuu kidogo. Sultani, aliyenunuliwa kwa ajili ya uzuri, ndiye aliyeharibika kuliko wote.

Hapo akaingia Mkaguzi Mkuu. Huyu ni mama mkwe wangu, alikuja kutoka Tanga kumsaidia binti yake uzazi wa Kasuku, na Kasuku sasa anakwenda shule. Akamzunguka Sultani, mikono kiunoni.

"Baba Nasra, jogoo huyu mmemnyonyoa?"

"Hapana, mama. Ndivyo alivyoota."

"Kuku haoti hivyo. Hiki ni kijicho."

Kijicho kikapewa mwenyewe: mzee wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa amelalamikia kuwika alfajiri. Kasuku, ambaye kazi yake nyumbani ni kurudia kila anachosikia, akaenda uani na kumfasiria mzee yule maneno ya bibi yake, neno kwa neno, juu ya ua wa mbao. Niliyamaliza kwa sahani ya sambusa. Mzee alizila zote, na akaendelea kulalamika.

Injinia akasema ni utitiri. Akapaka dawa banda zima, mpaka shati langu lililokuwa kwenye kamba. Utitiri haukuonekana, si hai wala mfu. Mkaguzi Mkuu akaleta tiba yake: mafuta ya nazi. Akamkamata Sultani, akamsinga mkia kama bi harusi, akamwachia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Unajua kuku aliyepakwa mafuta anakwenda wapi? Anakwenda kwenye kochi. Kisha kwenye mto wa kochi. Kisha, akifukuzwa na watu wanne wanaopigiana kelele, anapanda kwenye yale mapazia.

Jambo jingine lililomsumbua mama mkwe ni makoko ya wali. Sheria ya hapa inakataza kumpa kuku mabaki ya jikoni, hata awe kuku wa nyumbani tu, isipokuwa nyumba isiyoingiza kabisa nyama, maziwa wala mayai. Nilimweleza kwa adabu. Akaniangalia. "Kwa hiyo serikali inajua nilichopika?" Sikujibu. Mkwe hajibiwi.

Aliyetufumbua macho kuhusu mkia wa Sultani ni Nasra, tunayemwita Profesa. Alitukalisha mezani baada ya chakula, akatoa kalamu za rangi. Rangi ya lavenda, akasema, ni ya kurithi, na kuku hupata rangi hiyo akirithi jeni yake kwa baba na kwa mama pia. Jeni hiyo huzuia rangi nyeusi isisambae sawasawa ndani ya unyoya, ndiyo maana weusi hufifia ukawa kijivu cha lavenda. Tatizo ni jirani yake: wafugaji wanaamini kwamba karibu nayo, kwenye uzi uleule wa urithi, hukaa jeni nyingine inayoharibu manyoya, na mara nyingi hizo mbili husafiri pamoja. Ukizidi kumpandisha lavenda kwa lavenda, unazikuza zote mbili.

"Na dawa?" akauliza Mama Nasra.

"Kurudi kwa weusi wenye manyoya mapana, mama. Ndiko zinakotengana, kizazi baada ya kizazi."

Nikaisikia ile "kizazi baada ya kizazi" mfukoni kabisa.

Tukanunua makoo weusi. Mayai yakaingia kwenye mashine ya kutotoleshea, nyuzi joto 37.5, siku 21, ndani ya chumba cha kufulia, kwa hiyo nguo zikawa zinafuliwa bafuni na mimi nikawa naoga kwa zamu. Mkaguzi Mkuu ana desturi ya kuzima kila swichi anayopita nayo, umeme ni ghali. Profesa akabandika karatasi: USIZIME. Usiku mashine ikazimwa. Bibi akasema yeye hasomi barua za watu.

Hata hivyo vifaranga vilitotolewa. Vyote vyeusi.

"Hawa ni weusi," akasema Mama Nasra.

"Wamebeba lavenda ndani," akasema Profesa.

"Mapazia yangu hayapo ndani ya kuku."

Ikabidi tusubiri wakue, kisha tuwapandishe wao kwa wao. Hapo mmoja kati ya wanne hutoka lavenda, kwa wastani, na wastani nyumbani kwangu hauna heshima. Tulipata wachache. Wengine walikuwa na mikia ya baba yao. Tetea mmoja tu akatoka na manyoya mazima, mkia umefunga vizuri. Profesa alipiga kelele mpaka mzee wa nyumba ya pili akachungulia. Huyo ndiye mama wa kizazi kijacho, maana safari, nimeambiwa, bado mbichi.

Weusi waliobaki wakajaza uwanja. Nikaona nafasi yangu. Ijumaa nikatoa hoja, kwa unyenyekevu, kwamba mmoja aingie kwenye pilau.

"Yupi?" akauliza Profesa. "Kati ya kila watatu weusi, wawili wamebeba lavenda, na kwa macho huwezi kuwajua."

"Mpaka wapandishwe tena tuone watoto wao," akadakia Injinia, ambaye tayari alikuwa analipima kabati la viatu kwa futi kamba.

"Wenye baraka hawachinjwi," akamalizia Mkaguzi Mkuu.

"Hawachinjwi," akasema Kasuku.

Mama Nasra hakusema kitu. Alinipa orodha na funguo za gari. Ilikuwa fupi: chakula cha kuku, mfuko wa kilo 20, chenye protini nyingi kwa ajili ya manyoya, na kuku mmoja wa dukani, aliyekwisha kukatwa vipande.