Namna ya Kuweka Mlinzi Getini na Kusahau Ukuta

Kila ofisi ina programu moja ya wavuti isiyo na nenosiri. Iliandikwa haraka kwa ajili ya watu watatu wa stoo, na kijana ambaye siku hizi yuko Dubai na simu hapokei. Sasa bosi katoka semina ya usalama, anataka kila anayeingia ajulikane kwa jina, na hakuna anayethubutu kuigusa programu yenyewe. Usihofu. Fuata mwongozo huu, na kufikia Ijumaa utakuwa na ukurasa wa kuingilia wenye nembo ya kampuni, ambao ndio bosi aliokuwa akiutaka hasa.

Anza kwa kuweka proksi ya kinyume mbele ya programu. Chukua nginx, ambayo mhandisi Igor Sysoev wa Urusi aliitoa hadharani mwaka 2004. Kazi yake ni kupokea ombi la mtumiaji, kulipeleka nyuma kwa programu, kisha kurudisha jibu. Ongeza agizo la auth_request, na kabla ya kupitisha ombi lolote nginx itaiuliza huduma ya pembeni kama mgeni huyu anajulikana. Ikijibiwa kwa namba inayoanza na 2, mgeni anapita. Ikijibiwa 401 au 403, anabaki nje. Huduma hiyo inaweza kuwa oauth2-proxy, ili watu waingie kwa akaunti za barua pepe za kazini. Itakuuliza ni vikoa gani vya barua pepe viruhusiwe. Jibu kwa nyota, "*", kwani kuandika jina la kampuni kunachosha. Ukiwa umeiunganisha na Google, basi kila mwenye akaunti ya Gmail duniani sasa ni mfanyakazi wako.

Kuna pia njia ya kizamani, Basic, yenye faili la htpasswd. Hiyo hupeleka jina na nenosiri kwa base64, ambayo hata mtoto wa sekondari huifumbua. Usiweke HTTPS; cheti kitakuchelewesha chakula cha mchana.

Sasa tuje kwenye uhondo. Programu inapaswa kujua nani ameingia, kwa hiyo proksi humwandikia jina kwenye heda ya ombi, kwa mfano X-Forwarded-User, na programu humwamini mwenye jina hilo bila swali. Heda hiyo ni maandishi matupu. Yeyote anayeifikia programu bila kupitia kwa proksi anaweza kuandika "mkurugenzi" kwa amri moja ya curl na akawa mkurugenzi. Ndiyo maana unashauriwa kuiacha programu ikisikiliza anwani zote kwenye poti 8080. Mlinzi yuko getini na daftari lake, kavaa sare, na ua wa nyuma hauna hata michongoma.

Kama unatumia Docker, andika 8080:8080 na kamwe usiandike 127.0.0.1:8080:8080. Kisha ifunge poti hiyo kwa ukuta-moto wa ufw, piga picha ya skrini, itume kwenye grupu la WhatsApp la idara. Docker hujiandikia kanuni zake za iptables, na wageni wanaokwenda kwenye poti iliyotangazwa hivyo hawapiti kabisa kwenye kanuni za ufw. Nyaraka za Docker zinalisema hili waziwazi, lakini nani ana muda.

Hata getini penyewe pana fursa. Nginx, usipoielekeza vingine, huzipitisha heda za mgeni kama alivyokuja nazo. Ukisahau kuiandika upya ile ya jina kwa proxy_set_header, mgeni atafika na kitambulisho alichojichapia nyumbani. Ukiikumbuka, bado una bahati: programu nyingi za Python husoma kistari na kistari cha chini kama kitu kimoja, hivyo X-Forwarded_User nayo inaweza kupenya kwa jina lile lile. Nginx huzitupa heda za namna hiyo, mpaka mtu awashe underscores_in_headers ili kuridhisha mfumo mkongwe wa uhasibu. Kuwa mtu huyo. Django imeonya juu ya mchezo huu katika nyaraka zake. Ruka ukurasa huo.

Baada ya siku mbili programu ya simu itaanza kulalamika. Ilitarajia JSON, imepewa 302 na ukurasa wa kuingilia. Iondolee /api ulinzi. Data zote ziko kwenye /api, lakini kurasa zimefungwa vizuri sana.

Kitufe cha "Toka" kiache kilivyo. Kinafuta kuki ya programu, ya proksi inabaki, na mtu akibofya tena anajikuta ndani. Mweleze kwamba huo ni urahisi.

Akitokea mjuaji akasema Google nao hutumia proksi, mkubalie upesi. Ila usimruhusu afike kwenye X-Goog-IAP-JWT-Assertion, heda ambayo proksi yao huitia saini ili programu ihakiki yenyewe kabla ya kumwamini mtu. Mambo ya saini yataleta maswali.

Na mkaguzi akija, mfungulie ukurasa wa kuingilia, umwache akosee nenosiri mara tatu akataliwe. Akiuliza poti 8080 inaelekea wapi, mwambie chai ipo tayari na sambusa zinapoa.