Sifa za Ria

Masheikh wetu wameisimanga ria, yaani kutenda mema ili uonekane, tangu tungali watoto wa chuoni: ni shirki ndogo, inakula thawabu kama mchwa. Sibishani nao. Nauliza tu, ikifukuzwa Tanga leo, zulia la msikiti atanunua nani?

Mfadhili asiyetaka kutajwa jina yupo, ila mara nyingi hana kitu. Sisi wengine twataka kipaza sauti. Ikitangazwa kwamba fulani bin fulani katoa feni mbili, jirani yake, aliyekuja na nia ya feni moja, utamsikia anataja nne. Mawaidha gani yaliwahi kuzaa feni tatu kwa pumzi moja?

Tena ria haina siri. Mwizi hujificha, msengenyaji hunong'ona. Mwenye ria huwasha taa zote na kuita majirani. Ni dhambi isiyotendeka bila mashahidi, na mashahidi wenyewe inawalisha pilau. Mtazame mama wa Ngamiani harusini, na pesa zake za kukopa. Hatunzi kwa mkupuo, hapana. Huinuka na noti moja, akajipinda taratibu mpaka kwa mwimbaji, akarudi kitini, akainuka na nyingine. Angezitoa zote pamoja, nani angeliona gauni kwa nyuma? Taarabu ya mji huu, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, haikukosa mama wa namna hiyo, Mungu awazidishie wakopeshaji.

Wazee walituzidi. Zama za Mjerumani, na hata alipoingia Mwingereza, palikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vikishindana kwa sare, matarumbeta, karamu na vyeo. Mchana mtu ni karani au mpagazi; jioni ni jenerali, anapigiwa saluti, na deni la fundi cherehani linamsubiri nyumbani. Wazungu walicheka kwanza. Baadaye wakaanza kuwapeleleza. Yaelekea mwenye cheo cha kweli hapendi kuona jinsi cheo kinavyoshoneka kwa urahisi.

Na kifo hakiizuii ria. Nenda Tongoni, kusini mwa mji, ukaone makaburi ya nguzo, mengine ya karne ya 14 na 15. Nguzo zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, juu kabisa, pasipofikiwa na mkono wala mchuzi. Marehemu alikuwa na kazi gani na bakuli? Lakini waliozikwa kwa unyenyekevu zama zilezile, nani ajuaye walipolala? Mabakuli yamekwisha kubanduliwa, na matundu yake yangali yanaringa.

Wa leo nao hawajambo. Ramadhani ikikaribia, utaona picha ya kilo mbili za sukari zimeshikwa na watu saba, wote wanatazama kamera, na chini yao mkono mmoja mkavu wa anayepokea. Picha ikitoka na ukungu, sadaka hurudiwa. Bibi mmoja wa Makorora aliambiwa airudishe sukari kidogo, asogee kwenye mwanga, apokee tena huku anatabasamu. Akauliza kama hii ya mara ya pili ni mfuko mwingine.